Funzo la Anita Mui: Ujasiri tunaouhitaji ni wa kliniki

Ikiwa ulikuwa kijana katika miaka ya tisini na ulipenda sinema za Jackie Chan, huenda ulimwona Anita Mui bila kumjua jina. Katika Rumble in the Bronx ya mwaka wa 1995, ndiye yule mwanamke mwenye duka ambalo wahuni wanalivunjavunja. Katika Drunken Master II ya 1994, alikuwa mama wa kambo mcheshi. Sisi tulizitazama filamu hizo kwa ajili ya ngumi na mateke, naye tukamchukulia kuwa mwigizaji wa kando tu.

Kwao Hong Kong mambo yalikuwa tofauti. Alizaliwa huko Oktoba 10, 1963, na baba yake akafariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Kabla hata hajafikisha umri wa kwenda shule, tayari alikuwa akipanda jukwaani kuimba pamoja na dada yake, Ann, ili nyumbani kupatikane chakula. Mnamo 1982, akiwa na miaka 18, alishinda shindano la kutafuta waimbaji wapya lililoandaliwa kwa mara ya kwanza mwaka huo. Kutoka hapo sauti yake nzito ikawa ndiyo sauti ya nyimbo za Kikantoni. Katika filamu ya Rouge aliigiza mzimu wa mwanamke anayerudi duniani miaka 50 baada ya kifo chake kumtafuta mpenzi wake, na kwa kazi hiyo akatuzwa kuwa mwigizaji bora wa kike nchini Taiwan na baadaye Hong Kong.

Kisha ukaja mwaka wa 2003. Mwezi Mei, ugonjwa wa SARS ulipokuwa umeutikisa mji huo, alikuwa mstari wa mbele kuandaa tamasha la kuchangia waathiriwa. Septemba 5, baada ya uvumi kuzagaa magazetini, aliwaita waandishi wa habari akawaambia ukweli: alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Dada yake Ann alikuwa amefariki kwa saratani iyo hiyo mwaka wa 2000. Mwezi wa Novemba Anita alifanya maonyesho manane katika ukumbi wa Hong Kong Coliseum. Usiku wa mwisho, Novemba 15, alivaa gauni jeupe la arusi. Hakuwahi kuolewa, na aliwaambia mashabiki wake kwamba ameolewa na jukwaa. Desemba 30 alifariki. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Wengi huisimulia hadithi hii kama hadithi ya ujasiri, nami sikatai. Lakini kila ninapoifikiria picha ya gauni lile, mimi kama daktari huona jambo jingine. Huona ugonjwa ambao ni miongoni mwa saratani chache zinazotoa notisi ya miaka mingi kabla ya kuua.

Yafaa ieleweke kwamba karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi viitwavyo HPV. Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi sana huvipata wakati fulani maishani. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Vikikaa, huanza kuziharibu chembe za mlango wa kizazi polepole. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuwa saratani kamili, ingawa kwa mwanamke aliye na virusi vya Ukimwi ambavyo havijadhibitiwa kwa dawa huenda ikachukua miaka mitano hadi 10 pekee. Katika muda huo wote hakuna maumivu na hakuna damu. Dalili zinapotokea, kama vile kuvuja damu baada ya kujamiiana au baada ya hedhi kukoma, uchafu wenye harufu mbaya, na maumivu ya kiuno yasiyoisha, mara nyingi ugonjwa umeshapiga hatua.

Kwa hivyo, bibi msomaji, anayesubiri dalili ndipo aende hospitalini amechelewa kuanza safari.

Hapa sina budi kuungama. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mgonjwa, mwalimu, mama wa watoto wanne. Kwa miaka sita alinijia kila mwezi kupimwa shinikizo la damu. Tulizungumza kuhusu chumvi, karo na mvua. Siku moja, akiwa ameshika kitasa cha mlango tayari kwenda zake, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amekuwa akitokwa na damu kidogo. Nilipompima, saratani ilikuwa imeshavuka mlango wa kizazi. Kwa miaka sita hakuniambia kwa sababu aliona haya. Na mimi je? Katika miaka hiyo sita sikumwuliza hata mara moja kama amewahi kuchunguzwa. Haya zake zina udhuru, zangu hazina.

Ndiyo maana nasema kwamba lawama isiwekewe akina mama peke yao. Mwanamke anayekuja kliniki kupanga uzazi, kumletea mtoto chanjo au kuchukua dawa za kisukari aulizwe siku hiyo hiyo: Umechunguzwa mlango wa kizazi? Na kama hajachunguzwa, apimwe kabla hajaondoka. Kumwambia arudi wiki ijayo mtu aliyefunga kibanda chake ili aje, au aliyeomba ruhusa kazini, ni sawa na kumwambia asirudi.

Uchunguzi wenyewe si wa kutisha. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Au huchukua chembe kidogo kwa brashi zikapimwe maabara. Ni kazi ya dakika chache. Kasoro ikionekana mapema, huondolewa kwa kugandishwa kwa baridi kali au kuchomwa kwa joto, na mara nyingi mama hurudi nyumbani siku iyo hiyo. Hapa Kenya wanaolengwa hasa ni wanawake wa miaka 25 hadi 49, na walio na virusi vya Ukimwi wapimwe mara nyingi zaidi. Hata hivyo, saratani hii bado huwaua zaidi ya wanawake 3,000 nchini kila mwaka.

Kuna wanaosema kwamba dada wawili wakifa kwa ugonjwa mmoja, hiyo ni laana ya ukoo. Si laana. Ni virusi vinavyoenea kila mahali, na anayepatikana navyo asiitwe malaya. Mwanamke aliyemjua mwanamume mmoja tu maishani anaweza kuvipata. Enyi waume, mnaouliza kwa hasira kwa nini mke apimwe “huko”, kumbukeni kwamba virusi hivi havikuota mwilini mwake vyenyewe.

Wakati wa Anita Mui, chanjo ya HPV haikuwapo. Ilianza kutumika mwaka wa 2006. Mpango wa Hong Kong wa kuwachunguza wanawake wote ulizinduliwa Machi 2004, miezi isiyozidi mitatu baada ya kifo chake. Sisi tunavyo vyote viwili. Tangu Oktoba 2019 wasichana wetu wamekuwa wakichanjwa bila malipo kuanzia umri wa miaka 10. Lakini kuna wazazi wanaowazuia kwa sababu ya uvumi kwamba chanjo hiyo huwafanya tasa. Uvumi huo hauna ukweli. Kinachoweza kumnyima mwanamke mtoto ni saratani yenyewe, pale inapobidi kizazi kiondolewe.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Anita Mui aliweza kusimama mbele ya mji mzima na kuutaja ugonjwa wake kwa jina, ugonjwa ambao wengi wetu hatuwezi kuutaja mbele ya daktari mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Wewe huhitaji jukwaa wala gauni jeupe. Unahitaji asubuhi moja. Wiki hii nenda ukapimwe, umchukue na dada yako. Na daktari asipokuuliza, mwulize wewe.