Gari la safari lipimwe Makambako, si Dar

Na Hamisi Mbawala

Anayetaka kununua gari lililotumika huanza na swali moja: linakula mafuta? Akijibiwa, anauliza bei. Kwa mtu wa Tabata hadi Posta maswali hayo yanatosha, maana gari likimzimikia Buguruni atalisukuma pembeni, apande daladala, na jioni fundi wake atalifuata. Kwa mtu ambaye mkate wake ni kuuza dawa za mifugo kutoka Chalinze hadi Tunduma, au kukagua hesabu za vyama vya ushirika mkoa kwa mkoa, mafuta ni swali la tatu. La kwanza ni hili: likifa Makambako saa kumi na moja jioni, nani atalifungua, na spea itatoka wapi?

Matangazo ya kazi za mauzo siku hizi yana sharti la "uwe na usafiri wako". Kijana anapata kazi, anapata mkopo, anakwenda yadi na kutoka na Mark X au Subaru Forester. Ni magari mazuri, sina ugomvi nayo. Lakini Mark X ya cc 2500 ina injini ya silinda sita inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na mfumo huo hautaki mafuta machafu wala fundi wa kubahatisha. Forester nayo silinda zake zimelala ubavu. Fundi aliyezoea Toyota akiinua boneti anaanza kupiga simu. Dar mafundi wa Subaru wapo, tena mabingwa. Njiani unawapata kwa bahati, na bahati haina gereji.

Tupige hesabu ya mafuta kidogo, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wengi. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita litamaliza kama lita 59 kwa kilomita 830. La kilomita 9 kwa lita litakula lita 92. Tofauti ni lita 33 kwa kwenda tu. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo zidisha mwenyewe. Si fedha ndogo. Lakini lala gesti siku mbili Mafinga ukisubiri pampu ya maji ije na basi, lipia breakdown, poteza miadi na wateja, halafu urudie hesabu yako.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili kabisa na kununua kigari cha cc 1000 ili kubana mafuta. Passo ya silinda tatu mjini haina mpinzani. Ipakie watu wawili na maboksi ya sampuli, uipandishe Kitonga nyuma ya lori la Zambia, uone. Injini inayokamuliwa muda wote haibani mafuta, na ukitaka kulipita lori lile unahitaji barabara yote pamoja na dua ya mama. Kwa safari ndefu, cc 1500 hadi 1800 ndiyo saizi yake.

Sasa niseme ninalotaka kusema. Kwa bajeti ya kawaida, gari la kazi hiyo ni Probox. Najua mmeguna. Mnaliita gari la kubebea kuku, na kweli kuku wanabebwa. Lakini gari hili liliingia sokoni Japani mwaka 2002 kurithi kazi ya Corolla ya mizigo, na waliokusudiwa walikuwa watu walewale tunaowazungumzia: maofisa mauzo wanaoshinda barabarani. Ndiyo maana kwenye dashibodi kuna kimeza cha kuvuta, cha kuwekea makabrasha au chakula cha mchana. Likiwa na watu wawili limeruhusiwa kubeba kilo 400. Injini yake ya 1NZ ya cc 1500 ndiyo ileile iliyomo kwenye IST, Raum, Spacio, Fielder, na Premio na Allion zile ndogo. Fundi wa Igawa hajawahi kuona Probox yako, lakini injini yake ameifungua kwenye IST ya mwalimu mkuu. Halafu inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo kuna kitu kimoja pungufu cha kukatika porini.

Wanaobeba abiria kwa Probox na kuziita mchomoko wanazipakia kupita kiasi, jambo ambalo silitetei hata kidogo, lakini wametufanyia majaribio ambayo maabara isingethubutu.

Kasoro zake nazijua. Likiwa tupu linarukaruka kwenye matuta, kelele za matairi zinaingia ndani, kiti cha nyuma ni adhabu. Redio ya Kijapani inaishia 90 FM, hivyo usipoibadilisha unavuka mikoa mizima na mawazo yako tu. Na heshima mtaani hakuna. Anayeihitaji atafute Premio ndogo ya toleo la 2001 hadi 2007, yenye gia boksi ya kawaida ya otomatiki. Kuanzia toleo la 2007 Premio hiyo ndogo iliingia gia boksi ya CVT, na Probox nayo ikafuata baada ya maboresho ya 2014. CVT si mbaya, ila ina oili yake. Fundi wa njiani akiongezea ile aliyozoea ya otomatiki, gia boksi utaizika. Ukinunua la CVT, beba oili yake kwenye buti.

Uagize Japani au ununue namba D hapa nchini? Kwa wengi jibu linatolewa na TRA. Hakuna ukomo wa umri kama Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliingii, lakini gari la miaka 8 na kuendelea hutozwa ushuru wa ziada, na lililopita 10 hutozwa zaidi. Tena ushuru unakokotolewa kwa thamani iliyomo kwenye mfumo wao, hata kama wewe ulipata punguzo. Kikokotoo kiko kwenye tovuti yao. Kifungue kabla hujamtumia mtu dola hata moja. La hapa nchini utalipata kwa bei ya chini, na shida zake za barabarani zimeshaanza kujionyesha. Mimi hilo naliona faida.

Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini. Hurudishwa. Fungua mlango wa dereva au inua boneti, utafute stika ndogo ya Kijapani ya kumwaga oili. Wanaorudisha kilomita mara nyingi huisahau. Ina kilomita na tarehe, na mwaka wake huenda umeandikwa kwa hesabu ya enzi za wafalme wao: 24 ya enzi ya Heisei ni 2012, na 3 ya Reiwa ni 2021. Kama stika inasema kilomita 140,000 mwaka 2012 na dashibodi leo inasema 92,000, mshukuru dalali uende zako. Usipoiona, tazama raba ya pedali ya breki na usukani. Pedali iliyolika upande mmoja haikutembea kilomita 60,000 tu.

Matairi nayo yanasema. Tafuta tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa mzee wa kupasuka kwenye lami ya moto ya Ruaha Mbuyuni. Taa zilizofifia na kuwa za njano zipige polishi au ubadilishe, maana jioni barabara ya ndani ya hifadhi ya Mikumi ina nyati na twiga, na faini ya kumgonga mnyama hailipwi na bima ndogo. Mwambie muuzaji asiwashe gari mpaka ufike, ulisikie likiwaka la baridi. Kadi iwe na jina la anayekuuzia, na deni la faini za trafiki liangalie kwenye mfumo wa polisi kwa kutumia namba ya gari.

Nikirudi kwa mwajiri na lile sharti lake. Wengi hulipa mafuta kwa risiti na kuona wamemaliza. Oili ya kila kilomita 5,000, matairi, bushi na shokapu vinatoka kwenye mshahara wako, na kwa njia ya Tunduma vinatoka haraka. Omba ulipwe kwa kilomita, na uombe kabla ya kusaini mkataba. Ukishabadilisha shokapu mara mbili kwa fedha yako, hakuna atakayelifungua faili hilo tena.