Wapagazi Hawakupewa Beji

Ukitaka kujua jeshi linamhesabu nani kuwa mtu wake, angalia beji. Askari wa King's African Rifles, wale wazee wetu waliowaita Keya, walikuwa na nembo ya baragumu, alama ya zamani ya vikosi vya bunduki vya Uingereza. Army Service Corps, kikosi cha Waingereza kilichosafirisha chakula na risasi, kilivaa nyota ya ncha nane na taji. Mwaka 1918 kikaongezewa neno “Royal” kwa heshima ya utumishi wake vitani. Mpagazi wa Carrier Corps alifanya kazi hiyohiyo Afrika Mashariki, tena kwa kichwa chake mwenyewe. Yeye alipewa kisahani cha chuma chenye namba.

Beji humwambia anayeivaa kwamba yeye ni mmoja wetu. Namba humwezesha karani kujua mzigo upi haujafika.

Hili si jambo la mbali kwa watu wa Masanze. Agosti 1916 Waingereza waliiteka Kilosa, na vita vikashuka kusini kuelekea Ruaha Mkuu. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, hivyo binadamu wakashika nafasi ya wanyama. Katika vita vyote, Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja, na Wajerumani nao walikuwa wakichukua watu vijijini. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba karibu 100,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Risasi iliua wachache.

Najua jibu litakalokuja: mbona wanakumbukwa? Pale Samora, Dar es Salaam, kuna Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Sawa. Sasa inua macho kutoka kwenye maandishi. Juu yupo mtu mmoja tu, askari mwenye bunduki na singe. Mpagazi ametajwa kwa sifa, lakini hakuchongwa. Nairobi angalau walimsimamisha mpagazi pamoja na wapiganaji. Sisi tumebakiwa na jina la soko, Kariakoo, na wanaoshuka pale kununua viatu hawaambiwi kwamba jina hilo ni la kikosi.

Na sifa yenyewe ni ya kutiliwa shaka. Ukimwita mtu mguu, umeshaamua kwamba kichwa ni cha mwingine. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Miguu haina majina.

Wengine watasema vile vilikuwa vita vya wakoloni, havituhusu. Lakini waliobeba hawakuulizwa. Kama tunakataa kuwakumbuka kwa sababu walilazimishwa, tunawaadhibu mara ya pili kwa kosa la aliyewalazimisha. Na yule askari wa shaba je? Naye alipigana vita vya wakoloni, na bado tunampigia picha.

Lawama zote tusiwape Waingereza. Tazama Ngao ya Taifa. Ina jembe, shoka, mkuki na mwenge. Pembeni wapo mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu. Pembe kama zile zilifika Bagamoyo mabegani mwa watu, kupitia njia za misafara zilizokatiza Usagara. Tumechora alichobeba, tumemwacha mbebaji.

Mwaka 2027 Sanamu ya Askari itatimiza miaka 100. Zitatolewa hotuba. Mimi sitaki ing'olewe, na sidai shaba nyingine ya gharama kubwa. Nadai nembo ambayo wapagazi walinyimwa, na naijua ingekuwaje: ngata. Kile kiduara cha kitambaa au majani ambacho hadi leo mwanamke anakizungusha mkononi na kukiweka kichwani kabla ya kujitwisha ndoo. Kwingine huitwa kata. Masanze nayo ni kata, na sioni sababu ya kusubiri Dar es Salaam. Ngata inaweza kuchorwa kwenye ukuta wa shule au wa ofisi ya kata kwa kopo moja la rangi. Chini yake yaandikwe majina ambayo familia bado zinayakumbuka, hata yakiwa matatu.

Wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua kila mwaka. Ukuta unaweza kungoja. Wao hawawezi.