Injini Mpya na Breki za Zamani

Datsun 240Z ni gari la michezo lililojipatia sifa Afrika Mashariki kwa kushinda mbio za Safari mwaka 1971 na 1973. Injini yake ya lita 2.4 ilitoa nguvu za farasi 150 hivi. Siku hizi baadhi ya wenye magari hayo hulitia injini ya Nissan Skyline, yenye nguvu za farasi 280. Si kosa kufanya hivyo. Kosa ni kudhani kwamba injini ikishawaka, kazi imekwisha.

Mwanafunzi wa Ilembula aifikirie barabara iteremkayo kutoka Njombe kwenda Makambako. Nishati ya mwendo hulingana na mraba wa kasi. Gari lifikalo konani kwa kilometa 120 kwa saa badala ya 80 limeongeza kasi kwa nusu tu, lakini nishati yake imekuwa mara 2.25. Ili gari lisimame, breki hazina budi kuigeuza karibu nishati hiyo yote kuwa joto. Zikizidiwa na joto, hazishiki.

Kwa hiyo breki zitangulie, injini ifuate. Walimu wa fizikia wangefanya vema kuifundisha hesabu hii gereji, mbele ya gari lenyewe.