Kizuri Hakijiuzi

Methali ya "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" ndiyo sera ya biashara nyingi mkoani Kigoma. Mwenye dagaa wa Kibirizi anaitegemea, mwenye mawese wa Mwanga anaitegemea, na mwenye nyumba ya wageni Ujiji akiulizwa ana mpango gani wa kujulikana na kuaminika, jibu ni hilohilo. Imani hii si sahihi. Imewagharimu watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa muda mrefu, na inazidi kuwagharimu kila gunia linapopakiwa kwenda Dar es Salaam bila jina la aliyelijaza.

Historia ya mwambao wenyewe inaikanusha. Ujiji ilikuwa mji wa soko kabla wapelelezi Burton na Speke hawajafika mwaka 1858. Chumvi ya Uvinza, mawese, samaki, pembe za ndovu na watumwa vilipita hapo. Lakini dunia haikuijua Ujiji kwa chumvi wala kwa mawese. Iliijua kwa sababu gazeti la New York Herald la Marekani lilimgharimia mwandishi wake Henry Morton Stanley safari ya kumtafuta mmisionari David Livingstone, naye akamkuta Ujiji mwaka 1871. Lilikuwa jambo la kupangwa: mwenye gazeti alitaka habari ambayo hakuna mwingine angekuwa nayo, akatoa fedha, akaipata. Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone waliompokea Stanley siku hiyo na baadaye wakawaongoza wenzao kuubeba mwili wa Livingstone hadi pwani, wamebaki majina ya pembeni katika habari ya watu wengine. Wafanyabiashara wa Ujiji, ambao soko lao ndilo lililowavuta wageni wote hao, ni nadra kutajwa.

Mfano wa pili una nguvu zaidi, kwa kuwa unalinganisha vitu viwili vizuri vilivyo kwenye ufuko mmoja. Kaskazini ya mji wa Kigoma iko Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Kusini, mbali kidogo, iko Mahale. Zote mbili zina sokwe. Mahale ni kubwa mara nyingi kuliko Gombe, ina sokwe wengi zaidi, na Toshisada Nishida na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza utafiti huko mwaka 1965, miaka mitano tu baada ya Jane Goodall kushuka Gombe Julai 1960. Kama kizuri kingekuwa kinajiuza, Mahale ingekuwa na jina kubwa kuliko Gombe. Haina. Mwaka 1963 jarida la National Geographic lilichapa makala ya Goodall, na mwaka 1965 filamu juu yake ikaonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani. Sokwe wa Gombe wakajulikana kwa majina. Watafiti wa Mahale walifanya kazi isiyopungua kwa ubora, ila waliandika zaidi kwa ajili ya wataalamu wenzao. Ni kweli kwamba Gombe iko karibu na mji na Mahale safari yake ni ndefu, na hilo lina uzito kwa mtalii wa leo. Lakini mamilioni walioijua Gombe kupitia televisheni hawakuwahi kukanyaga Kigoma, kwa hiyo umbali hauwezi kuwa maelezo yote.

Sasa, wapo wanaokubali hayo kisha wakakosea hatua ya pili: wanadhani uhusiano na umma ni matangazo. Wanalipia dakika chache redioni, wanachapisha fulana, wanasubiri wateja. Tangazo ni nafasi iliyonunuliwa. Uhusiano na umma ni kazi ya kudumu ya kujenga imani kati ya biashara na watu wote wanaoweza kuinufaisha au kuiangusha, na kazi hiyo huanza kwa kusikiliza. Hapa tena Kigoma ina somo lake. Kufikia miaka ya 1990 misitu iliyoizunguka Gombe ilikuwa imekatwa, vilima vimebaki vitupu. Taasisi ya Jane Goodall ilipoanzisha mpango wa TACARE mwaka 1994, haikuingia vijijini na hotuba juu ya sokwe. Ilituma Watanzania kuwauliza wanavijiji wa vijiji 12 wanahitaji nini kwanza. Majibu yalihusu afya, shule na chakula, na mpango ukaanzia hapo. Miti na sokwe vikafuata. Wanakijiji waliosikilizwa wakaja kutenga misitu ya hifadhi katika ardhi yao wenyewe. Hakuna tangazo ambalo lingeweza kufanya hivyo.

Mpango wa mfanyabiashara wa dagaa hufuata njia hiyohiyo. Kwanza anaorodhesha watu wake. Mnunuzi wa Kariakoo ni mmoja tu. Wapo wavuvi wanaotoka jioni na taa zao na kurudi alfajiri, akina mama wanaoanika, ofisa uvuvi, viongozi wa mwalo, jirani anayelalamikia harufu, mwandishi wa redio ya mkoa, na mpishi wa Dodoma ambaye hajawahi kuliona ziwa. Kila mmoja ana swali lake, na mwenye biashara anapaswa kulijua kabla hajaandika neno lolote la kujisifu. Mpishi anauliza kama kuna mchanga. Swali hilo dogo limeamua bei ya dagaa nchini kwa miaka mingi.

Hapo ndipo sehemu ya kweli ya methali inapopatikana. Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga na uchafu wa ufukweni. Walioanikwa juu ya vichanja vya wavu hupitiwa na upepo juu na chini, hukauka sawasawa na kubaki na rangi yao ya fedha. Hakuna ofisa uhusiano atakayeutoa mchanga mdomoni mwa mlaji. Kitendo hutangulia, maneno hufuata. Lakini aliyejenga vichanja kisha akanyamaza amefanya nusu ya kazi, kwa sababu dagaa wake wakifika sokoni hurundikwa pamoja na wa yule aliyeanika mchangani, na wote huuzwa kwa jina moja la "dagaa wa Kigoma". Gharama ya vichanja ameilipa peke yake; sifa inagawanywa kwa wote. Mfuko wenye jina lake, mwalo aliotoka dagaa, tarehe ya kuanikwa na namba ya simu inayopokelewa hugharimu kidogo sana, na ndiyo hatua ya kwanza ya mpango wowote wa maana.

Hatua inayofuata ni kalenda. Uvuvi wa dagaa hufuata giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazivuti samaki na mzigo hupungua. Mnunuzi aliyeelezwa hivyo mapema huvumilia bei kupanda. Asiyeelezwa huona ameibiwa. Jambo kubwa zaidi ni kufungwa kwa ziwa. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia. Tarehe ya namna hiyo si dharura, inajulikana. Mfanyabiashara mwenye mpango huwaandikia wateja wake miezi miwili kabla, huwaambia akiba itatosha hadi lini, na hueleza kwa nini anaunga mkono samaki kupumzishwa. Asiye na mpango huacha simu iite.

Dharura zenyewe hazikosekani, na ndizo zinazoumbua imani ya kwamba ubora unajitetea. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Walioumia ni pamoja na wavuvi ambao hawakuwahi kugusa sumu. Mwaka 2004 ikatoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyoikosoa biashara ya sangara wa Mwanza. Rais Jakaya Kikwete alipoipinga hadharani mwaka 2006, watazamaji wa Ulaya walikuwa wameshaamua. Kigoma nayo, Mei 2015, ilipata mlipuko wa kipindupindu Kagunga, kwenye ufuko uliofurika wakimbizi wa Burundi. Siku kama hiyo mnunuzi wa mbali ana haki ya kuuliza dagaa wanaoshwa kwa maji gani, na jibu linatakiwa saa hiyohiyo, kutoka kwa mtu mmoja aliyeteuliwa kabla, kwa ukweli mtupu, hata kama ukweli ni kwamba mzigo fulani umezuiwa. Johnson & Johnson walijibu kwa uwazi mwaka 1982, watu saba walipokufa eneo la Chicago kwa vidonge vyao vya kutuliza maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sumu na mtu asiyejulikana: waliondoa madukani chupa takriban milioni 31, wakarudi na vifungashio vinavyoonyesha vikishafunguliwa, na wateja wakawarudia.

Kupima matokeo hakuhitaji mtaalamu. Idadi ya wanunuzi waliorudi, malalamiko yaliyopokelewa na yaliyotatuliwa, na bei ya mfuko wenye jina ikilinganishwa na gunia lisilo na jina, vinatosha. Idadi ya waliopenda picha mtandaoni haipimi imani.

Mpango wa namna hii unaenea kwenye kurasa mbili za daftari. Ziwa linapofungwa, wenye biashara za dagaa wa Kibirizi, Katonga na Ujiji wana miezi mitatu ya kuuandika, kila mmoja wake, na kwenda kusajili alama zao za biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, kabla nyavu hazijarudi majini.