Leseni ya redio ni deni kwa msikilizaji wa Nakuru

MJADALA kuhusu leseni za redio na televisheni nchini Kenya umekuwa, kwa miaka mingi, mvutano baina ya serikali na wamiliki wa vyombo vya habari. Serikali hudai haki ya kudhibiti, nao wamiliki hudai uhuru wa kutangaza. Anayesahaulika ni msikilizaji, ilhali masafa yanayogawanywa ni mali ya umma.

Ni maeneo machache yanayodhihirisha upungufu huo kama Nakuru na viunga vyake katika Bonde la Ufa. Hapa wanaishi Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya, Waluo na wengineo. Kuna Inooro na Kameme kwa Kikuyu, Kass na Chamgei kwa Kikalenjin. Majirani wawili wa Molo au Njoro wanaweza kuamka asubuhi, kila mmoja akafungulia stesheni yake, na wakasimuliwa mambo ya nchi moja kana kwamba ni nchi mbili.

Athari za hali hiyo zilionekana baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ghasia zilipofika Nakuru na Naivasha Januari 2008, watu wengi waliuawa na maelfu wakatoroka makwao. Tume ya Jaji Philip Waki ilisema baadaye kwamba baadhi ya stesheni za lugha za kiasili zilichangia uhasama. Mtangazaji Joshua arap Sang wa Kass FM alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, ambako kesi ilikatizwa Aprili 2016 bila yeye kupatikana na hatia. Serikali nayo ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tangu Desemba 30, 2007.

Sheria ilibadilishwa kutokana na hayo. Marekebisho ya 2009 yaliipa Tume ya Mawasiliano, CCK, mamlaka ya kutoa leseni za utangazaji, na kuzigawa katika makundi matatu: umma, biashara na jamii. Yalimtaka mtangazaji kutoa habari sahihi zisizoegemea upande, na kusikiza pande zote katika masuala yenye utata. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kikaagiza utoaji wa leseni uwe huru dhidi ya serikali, wanasiasa na wafanyabiashara. Tangu marekebisho ya 2013, jukumu hilo limo mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano, CA.

Kwa maandishi, basi, sheria si mbovu. Kasoro imo katika utekelezaji. Nguvu za dola zimeonekana zaidi siasa zinapopamba moto. Januari 2018 televisheni kubwa zilizimwa kwa sababu ya kuapishwa kwa Raila Odinga bustanini Uhuru Park. Juni 25, 2025, CA iliagiza matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakomeshwe, agizo ambalo Mahakama Kuu ililisimamisha. Ni nadra kusikia stesheni ikiulizwa inatoa huduma gani kwa wakazi wa eneo ambalo masafa yake yanafika.

Swali hilo lina uzito wa uhai. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la shamba la Patel lilipasuka Solai na kuua zaidi ya watu 40. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, mafuriko ya Mai Mahiu yaliangamiza makumi ya wakazi. Hakuna awezaye kudai kwamba redio ingezuia mikasa hiyo. Lakini penye hatari kama hizo, stesheni yenye mwandishi mashinani, na yenye wajibu wa kukatiza muziki ili kutoa onyo kwa lugha inayoeleweka, si anasa.

Mageuzi yanayofaa ni kufunga leseni na mahali. Kila stesheni inayopewa masafa ya Nakuru itakiwe kutenga saa mahususi za habari za eneo hilo, kutangaza maonyo ya dharura bila malipo, na kutoa ripoti ya utekelezaji kila mwaka. Kabla ya leseni kuhuishwa, wakazi wasikizwe hadharani papo hapo Nakuru. Redio za jamii, ambazo hazina matangazo mengi ya biashara, zisaidiwe kupitia Hazina ya Huduma kwa Wote.

Wamiliki watalalamikia gharama, na wana hoja nyingine nzito zaidi: masharti huweza kugeuzwa kiboko cha kuwachapia wakosoaji wa serikali. Ndiyo maana masharti yawe ya kuhesabika. Saa za habari na idadi ya waandishi zinaweza kupimwa na yeyote, ilhali "uchochezi" hutegemea nani anayesikiliza, na ni kazi ya mahakama kuuamua.

Uchaguzi Mkuu umepangwa Agosti 2027. Kinga ni bora kuliko tiba, na Bonde la Ufa linajua gharama ya kuichelewesha.