Fulani, Fulani Mpaka Lini?

Waandishi wenzangu, hebu tuambizane ukweli. Kila hadithi ya chipukizi inaanza "katika mji fulani, kijana fulani..." Fulani wa wapi, jamani? Mtu kakulia Kiwira, Daraja la Mungu kalivuka kwa miguu yake, lakini akishika kalamu anaona haya. Dar anaitaja mpaka kituo cha basi. Kwao panageuka "kijiji kimoja"!

Wengine eti wanasingizia lugha. Uongo mtupu. Kiswahili kina po, ko na mo. "Yupo sokoni": pale pale, napajua. "Yuko sokoni": huko huko, sijui penye ndizi au penye viazi. "Yumo": ndani kabisa. Silabi moja tu, na msomaji keshajua msimulizi anajua kiasi gani. Siku hizi "yupo" tunaibandika kila mahali. Tofauti hiyo tunaiua wenyewe, bwana.

Simkatazi mtu neno fulani. Mbea akisema "mama fulani wa mtaa wa pili", jina analijua, analificha makusudi, na sisi tunasogeza kiti. Ila wewe unayeificha Kiwira, unamficha nani?