Somo la Kwanza Ambalo Ndilo la Mwisho

Ilimu ya uchumi ina desturi moja ambayo wanazuoni wake hawaistaajabii kwa kuwa wamekwisha kuizoea: mwanafunzi huoneshwa kwanza ulimwengu usio na kasoro, ambamo wauzaji ni wengi, wanunuzi ni wengi, habari za bei zimewafikia wote sawasawa na hapana mwenye nguvu ya kumlazimisha mwenziwe, kisha, katika mwaka wa tatu au wa nne, huambiwa polepole kwamba ulimwengu huo haujapata kuwako. Kwa mwenye nasibu ya kukaa chuoni miaka yote minne desturi hii haina madhara makubwa. Swali langu linamhusu yule asiyefika mwaka wa tatu, ambaye katika Marekani hupatikana zaidi katika chuo cha jamii.

Chimbuko la vyuo hivi ni mji wa Joliet, Illinois, mwaka 1901, ambako William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, alisaidiana na mkuu wa shule ya sekondari ya hapo ili vijana wapate masomo ya miaka miwili ya awali bila ya kuhama makwao. Na jina la chuo cha jamii likaenea baada ya tume ya Rais Truman kutoa taarifa yake mwaka 1947. Ada ni nafuu, mlango hauna bawabu mkali, na katika darasa la jioni utamkuta mama aliyetoka zamu hospitalini, askari aliyeacha jeshi, na pengine kijana wa kwetu aliyetoka Mombasa au Bukavu akafikia Minneapolis, wote wameukabili ubao mmoja wenye mistari miwili inayokatana, mmoja wa mahitaji na mmoja wa ugavi.

Haupiti muda mrefu mwalimu huchora mstari wa tatu, wa kulala, juu ya makutano ya ile miwili, akasema: hiki ndicho kima cha chini cha mshahara, tazameni jinsi watafutao kazi wanavyozidi na kazi zinavyopungua. Mantiki yake ni safi kabisa. Lakini darasani humo yumo anayelipwa kima hicho, ambacho kwa sheria ya shirikisho ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, naye huandika daftarini mwake kwamba nyongeza anayoiombea dua ndiyo itakayomkosesha kazi. Haambiwi kwamba mwaka 1992 New Jersey ilipandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05, ilhali jirani yake Pennsylvania haikupandisha, na kwamba wanauchumi David Card na Alan Krueger walipolinganisha mikahawa ya baga na kuku wa kukaanga ya pande hizo mbili, katika makala yao ya 1994, hawakuona kuwa ajira ya New Jersey imepungua. Wala haambiwi kwamba mwanauchumi Joan Robinson wa Cambridge alikwisha kueleza mwaka 1933 jinsi mwajiri asiye na mshindani anavyoweza kuushusha ujira chini ya thamani ya kazi, hali ambayo ndani yake nyongeza ya lazima yaweza kumfaa mfanyakazi bila ya kumfukuza yeyote. Sisemi kwamba Card na Krueger walikata shauri. Wapinzani wao walikuja na hesabu za hati za mishahara zenye jibu jingine, na ubishi ungaliko. Nasema ubishi huo ndio ilimu yenyewe, nao umewekwa mwisho wa safari, mahali ambapo wasafiri wengi hawafiki.

Watetezi wa mpango wa zamani wana hoja, nami sipendi kuinyima insafu. Hata madrasani mtoto huanza na alifu kwa ujiti, hakabidhiwi tafsiri kabla ya kujua herufi. Ni kweli, ila alifu haimwambii mtoto kwamba maneno yote ya duniani yameandikwa kwa alifu.

Lipo pia shurti la kuhamisha masomo, maana chuo kikuu hupokea somo linalofanana na lake. California, yenye vyuo vya jamii 116, ilitunga sheria mwaka 2021 ya kuvitaka vyote vitumie namba moja kwa somo moja, na hiyo ni rehema kwa mwenye kuhama, asije akalipia somo lile lile mara mbili. Ama yule anayebaki, huvishwa kanzu iliyokatwa kwa kimo cha mwenziwe.

Katika masomo yaliyo jirani na uchumi, lile la utangulizi wa biashara nitalipita upesi, kwani nalo hupita upesi juu ya kila kitu: juma hili sheria, juma lijalo matangazo, mithili ya mgeni anayeoneshwa milango yote ya nyumba asikaribishwe chumba hata kimoja. Uhasibu si hivyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na aliyejifunza kuandika kila muamala pande mbili ana kitu mkononi hata akiacha chuo kesho.

Tukirudi kwenye uchumi, mpangilio wa sura za kitabu chake si wahyi. Paul Samuelson alipotoa kitabu chake cha kiada mwaka 1948 alitanguliza pato la taifa na ukosefu wa kazi, akachelewesha bei za soko, kwa sababu wasomaji wake walikuwa na kumbukumbu ya mdororo wa miaka ya 1930. Hati za kuhamisha masomo nazo hutaja mada, aghalabu bila ya kumfunga mwalimu aanze na ipi. Mwalimu wa jioni angeweza basi kuuleta ujira mapema, pamoja na ubishi wake wote. Lakini wengi wa walimu hawa ni wa muda, hulipwa kwa somo na hawana ahadi ya muhula ujao. Saa za kupangua sura hakuna anayewalipa, na soko wanalouzia kazi yao wenyewe halifanani na mistari waliyoichora ubaoni.